Koti Lililoachwa Lilowe

Dari lilikuwa limeangukia masofa, na Ipyana Kibona, Mungu amsamehe, alifurahi.

Alisimama mlangoni mwa sebule ya nyumba ile ya mji wa Mpemba, jirani na Tunduma, mkoba wa vifaa begani, akavitazama vipande vya jipsamu vilivyolala juu ya viti vya kitambaa cha rangi ya dhahabu kama ugali uliomwagika. Kabati la vyombo lilikuwa limevimba miguu. Televisheni kubwa ilikuwa imefunikwa na uji mweupe kuanzia juu hadi chini. Kazi ya mkadiria hasara wa bima ni kuiona hasara, si kuifurahia, na Ipyana alikuwa ameifanya kazi hiyo Mbeya na Songwe kwa miaka mingi bila kuingiza moyo wake. Lakini nyumba zile nyingine zote hazikuwa za Aliko Swila. Na ndani ya zile nyingine hakuwamo Roda.

Meneja wake kule Mbeya hakujua. Hakujua kwamba mkadiria aliyempa faili lile aliwahi kuimba besi nyuma ya mke wa mteja katika kwaya ya kijijini Mbebe, na kwamba alikuwa ameshatuma mshenga kwa wazazi wa binti wakati Aliko alipopanda milima ya Ileje na gari lake la Tunduma, akashuka na Roda. Ipyana alipaswa kusema, "Hili mpe mwingine, hawa nawafahamu." Alilipokea faili kwa mikono miwili, akashukuru.

"Karibu, Kibona," alisema Aliko akitokea korido. Alikuwa wakala wa forodha, mnene, mabega mapana, na cheko la mtu aliyezoea kuongea na madereva wa malori. "Ningejua wanakuleta wewe, ningechinja hata kuku. Au bado una kinyongo?"

"Nipo kazini, Bwana Swila."

"Haya, kazini. Bomba lilipasuka darini siku ya Alhamisi. Mimi nilikuwa ng'ambo, Nakonde, Roda kaenda sokoni, kurudi kakuta mto unapita sebuleni. Kakimbilia koki ya tanki, kafunga. Basi."

"Nani mwingine alikuwa nyumbani?"

"Hakuna. Mzee wangu alikuwa hapa kwa ajili ya macho, lakini alisharudi Ileje wiki moja kabla." Aliko alishusha sauti. "Nikwambie kitu, maana hata ukificha utakisikia. Ndugu zangu wamekaa kikao. Wanasema mwanamke aliyeachiwa nyumba akaiacha ikazama, hafai kuachiwa nyumba. Ninyi mkiandika kwamba ni uzembe wa nyumbani, Roda anarudi kwao Mbebe. Si mimi ninayetaka. Ni kikao."

"Na tukiandika kwamba bomba lilifunguliwa makusudi?"

"Na nani?"

"Nauliza tu. Hapo kampuni hailipi, na faili linakwenda polisi na jina la mwenye dai juu yake."

Aliko alicheka, lakini cheko halikufika mwisho. Ipyana alilipima jambo lile harakaharaka. Ukiwa uzembe, Roda anarudi kwao. Ukiwa ujanja wa Aliko, Aliko anakwenda kulala rumande. Ni bomba lililopasuka lenyewe tu ndilo litakaloiacha ndoa hii pale ilipo. Kati ya majibu yote hayo, ni hilo moja tu ambalo halikumpendeza.

Roda aliingia na ndoo na dekio mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo, na unene ulimkaa vizuri, jambo ambalo lilimuuma Ipyana kuliko kama angemkuta amechakaa.

"Shikamoo haikufai, tumelingana," Roda alisema, akampa mkono. "Karibu, kaka Ipyana."

Hilo neno kaka lilimchoma. Alitoa kipima unyevu mkobani ili apate kitu cha kutazama.

Kwenye hasara ya maji swali la kwanza ni maji yametoka wapi, na mtu asiye na kazi hii hukimbilia palipobomoka. Ipyana alianzia palipo pakavu. Kipima unyevu chake kilikuwa na sindano mbili fupi, akawa anazibonyeza ukutani, juu, katikati, chini, ukuta hadi ukuta. Juu palilowa sana, chini kidogo. Maji yameshuka, hayakupanda. Ukuta wa barabarani ulikuwa mkavu kabisa. Ule unaopakana na chumba cha wageni rangi yake ilikuwa imetoa malengelenge. Mabaka yenyewe hayakuwa na duara la kahawia pembeni, lile ambalo hujichora ukuta unapolowa na kukauka mara nyingi. Hii ilikuwa hasara ya mara moja, ya juzijuzi.

Alitoka nje, akapanda ngazi, akakagua bati. Mvua ilikuwa imeshakatika zamani, na upepo wa Juni ulikuwa unapasua midomo ya watu. Misumari imekaa, viungo vimekaa, na chini ya bati palikuwa na vumbi ambalo tone moja tu lingeliacha na alama. Paa halikuwa na kosa.

"Nionyeshe mnapopandia darini."

Tundu lilikuwa kwenye korido, na mfuniko wake ulikuwa mbao nyembamba. Ipyana, ambaye hajawahi kunenepa maishani mwake, alijipenyeza kwa shida, akakwaruza bega.

"Mimi hapo sipiti hata nikisukumwa na trekta," alisema Aliko kutoka chini.

Ipyana alilisikia. Lilikuwa neno la kuandikwa, na mkadiria mwingine yeyote angeliandika. Yeye aliliacha lipite, kwa sababu halikumfaa.

Juu kule alitambaa kwenye mbao za kenchi huku akimulika tochi. Bomba la plastiki lilitoka kwenye tanki la mnarani, likapita juu ya korido, likaelekea bafu jipya la chumba cha wageni. Alilifuata kwa vidole. Bomba lililopasuka huwa na ufa, na kingo za ufa hutazama nje kwa sababu maji yamesukuma kutoka ndani. Hili halikuwa na ufa popote. Lakini karibu na ukuta wa chumba, pale mabomba mawili yanapokutana kwa yunioni, nati kubwa ya plastiki ilikuwa imefunguliwa ikarudishwa nyuma mpaka mwisho wa nyuzi zake, na mabomba yakaachana. Nyuzi zilikuwa nzima na mpira wa kuzuia maji ulikuwa mahali pake.

Maji yanaweza kufanya mengi, lakini hayashiki nati yakaifungua. Ipyana alipiga picha kila upande kwa furaha. Nimekupata, alisema moyoni, na aliyekuwa anamwambia alikuwa amesimama chini pale akimshikia ngazi.

Aliposhuka alijipangusa vumbi, akauliza kwa sauti ya kazi, "Nani anajua bomba linapopita?"

"Fundi Mika, aliyelifunga. Mimi. Roda naye alikuwa anampelekea fundi chai, nadhani alikuwa anamwona."

"Nipe namba ya fundi."

Fundi Mika alipokea akiwa Mlowo, kelele za mashine zikiwa nyuma yake.

"Ile yunioni ya darini kwa Swila, uliikaza kwa spana?"

"Hapana, bosi. Ile ni ya mkono. Ukiitia spana unaipasua. Niliikaza, nikaijaza maji, nikaiacha mpaka kesho yake. Haikutoa hata jasho."

"Inaweza kujifungua yenyewe?"

"Labda uiombee."

"Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, kwa mnunuzi wa mazao, namfungia pampu. Nimelala hapa wiki nzima. Ongea naye."

Mnunuzi wa mazao alithibitisha kwa sauti ya mtu aliyekatishwa mzani, akakata simu. Fundi alitoka kwenye hesabu. Aliko alibaki, na Ipyana aliona kwamba amebaki vizuri.

Chumba cha wageni kilimtia gere zaidi. Kilikuwa na mlango wake wa nje, bafu lake, hita ya maji moto, vigae vyeupe mpaka dirishani. Yeye Mbeya alikuwa bado anaoga kwa ndoo. Dari lilikuwa limebaki mbao tupu. Godoro lilikuwa limekunywa maji mpaka likashiba, na juu yake blanketi na shuka zilizotumika zilikuwa bado zimetandikwa, zimejikunja. Kwenye msumari nyuma ya mlango lilining'inia koti jeusi la sufu, zito kwa maji, limeanza ukungu mabegani.

"La baba," alisema Aliko. "La kuvaa ibadani. Aliliacha kwa kuwa atarudi kwa daktari."

Zaidi ya hapo chumba kilikuwa kitupu. Dirisha halikuwa na pazia. Ipyana alipiga magoti, akapapasa sakafu.

"Hapa palikuwa na nini?"

Roda ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni. "Zulia. Na cherehani yangu, na sanduku la vitenge."

"Viko wapi?"

"Stoo. Nilivitoa nilipokuta maji."

Stoo ilikuwa uani. Zulia lilikuwa limekunjwa, limesimamishwa pembeni, na juu ya sanduku yalikuwa yamekunjwa mapazia. Ipyana alilichoma zulia sindano za kipima unyevu upande wake wa nje, kisha akalikunjua akachoma katikati kabisa. Kavu. Aliigeuza cherehani kichwa chini: hapakuwa na hata chembe ya jipsamu, na jipsamu ikishalowa hushika kila kitu kama unga wa ngano kwenye vidole. Zulia nene namna ile, likikaa chini ya dari linalomwaga maji hata kwa muda wa kuchemsha chai, huwa linadondosha siku kadhaa.

Vitu hivi vilitolewa kabla.

Palepale alimjengea Aliko kesi, tofali juu ya tofali. Mwenye nyumba ana biashara ya mpakani inayosuasua. Anataka alipwe. Anaokoa vinavyobebeka, anaacha vikubwa viharibike, na ili hasara ionekane ya kweli anaacha hata koti la baba yake mzazi lioze msumarini. Kupita tunduni hawezi, lakini mtu wa kupita anaweza kumpata. Na Roda kusema ni yeye aliyevitoa? Anamkinga mumewe. Huyu mwanamke, aliyekuwa hadanganyi hata mwalimu wa shule ya Jumapili, leo anamdanganyia Aliko.

Alikuwa anarudi ndani kumbana Roda hasa kwa ajili ya uongo huo, ndipo bajaji iliposimama getini. Alishuka mwanamke kijana, suruali ya kitambaa, bahasha ya nyaraka kwapani, manukato yakatangulia.

"Mwapoleni mukwai," alisalimia kwa Kibemba cha ng'ambo, kisha akacheka. "Samahani, nimeshinda Nakonde, ulimi umebaki huko. Bwana Aliko, malori mawili yametoka."

"Fortunata, wa ofisini kwangu," alisema Aliko. "Ndiye anayenisimamia upande wa pili."

Jina hilo alilitamka taratibu, silabi baada ya silabi. Ipyana asingeliona hilo kama asingekuwa anamtazama Roda, na Roda alikuwa amelikamua dekio mpaka likaacha kutoa maji, na bado akawa analikamua.

Fortunata alichungulia chumba cha wageni. "Jamani, ndiyo chumba changu hicho? Mimi nimeshawaambia kule ninapokaa kwamba mwezi ukiisha natoka."

"Kitatengenezwa," alisema Aliko.

"Nawe dada Roda, pole. Yale mapazia uliyonipimia yamepona?"

"Yamepona," alisema Roda.

"Afadhali. Maana rangi ile niliipenda."

Aliacha bahasha, bajaji ikamchukua. Aliko alitoka kumsindikiza mpaka barabarani, akawa anaongea dirishani mwa bajaji muda ambao mazungumzo ya malori hayauhitaji. Ipyana alivuta pumzi. Basi Aliko alikuwa na hayo pia. Alikuwa amempata Roda, na bado macho yalikuwa yanamtembea. Chuki ilimjaa mpaka akawa hawezi kuisoma saa yake.

Roda alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba cha wageni. "Kaka Ipyana, kama umeshamaliza kupiga picha, nishushie hilo koti. Litaoza."

Alilishusha. Lilikuwa zito, likamlowesha mkono mzima. Alimgeukia Roda, akamnyooshea. Roda alirudi nyuma hatua nzima, mikono mgongoni, uso ukaangalia pembeni.

"Weka humo," alisema, akionyesha beseni kwa kidevu. "Aliko ataanika."

Ipyana aliliweka. Kisha akabaki ameinama palepale juu ya beseni, kwa sababu kesi aliyoijenga tangu asubuhi ilikuwa imeanguka chini, na mwangushaji alikuwa mama yake Roda na bibi yake Roda na wanawake wote wa milima ile.

Kwao Ileje mkamwana hagusi nguo ya baba mkwe, wala kitu alichokilalia. Jina lake halitamki. Wakikutana njiani, mkamwana huingia porini mpaka mzee apite. Mjini watu wamelegeza kidogo, ndiyo maana Aliko alikijengea chumba kile mlango wa nje, mzee atoke na kuingia bila kukutana na mke wa mwanawe. Lakini nguo na matandiko, hilo halijalegezwa. Zile shuka zilikuwa zimekaa kitandani tangu mzee aondoke zikimsubiri Aliko azifue, na Aliko hakuwa na habari.

Aliyeingia chumbani humu kabla ya maji alitoa zulia, akatoa cherehani, akatoa sanduku, akapanda kiti akashusha mapazia. Alihamisha kila kitu alichoweza kukihamisha. Alifika kwenye koti, akafika kwenye blanketi, akaishia hapo. Mtoto wa kiume angeanza na koti la baba yake, hata angekuwa mwizi kiasi gani. Kibarua wa kulipwa angebeba vyote au asingebeba chochote. Palikuwa na mtu mmoja tu katika nyumba hii ambaye mkono wake ungeweza kuzunguka chumba kizima na kuruka vitu hivyo viwili.

Na mtu huyo, hata na unene wake ule kidogo, angeweza kupita tunduni kwa kujibana. Na alimpelekea fundi chai.

Ipyana alimfuata uani. Roda alikuwa chini ya mnara wa tanki, anamimina maji machafu.

"Ulitoa zulia kabla ya maji," alimwambia. "Na cherehani, na vitenge, na mapazia."

Roda aliinua ndoo tupu, akaishika mbele yake. "Nani kasema?"

"Zulia ni kavu mpaka ndani. Ulitoa kila kitu, Roda. Koti ukaliacha."

"Koti ningelitoaje," alisema Roda, kwa mshangao wa kweli, na neno lilipokwisha kutoka ndipo alipolisikia.

Lori lilikuwa linapanda barabara kuu kuelekea mpakani, likachukua muda mrefu kupita.

"Nilitaka chumba tu," alisema Roda. "Nilifikiri yatalowesha pale juu yake, dari lishuke, waseme hakikaliki mpaka mwakani. Sikujua maji yanatembea. Nilikaa kwenye korido nasikiliza, naona kama kazi inakwenda vizuri. Halafu sebule yangu ikaanguka."

"Kwa ajili ya yule Fortunata."

"Aliko anasema ni mtu wa kazi, anachelewa mpakani, alale hapa. Labda ni kweli. Sijui. Lakini umemsikia anavyolitaja jina lake? Langu analitaja kama anaita bajaji." Aliigeuza ndoo mikononi. "Nikaambiwa nimpimie mapazia. Nimesimama kwenye kiti na futi, nampimia mwanamke dirisha atakalofungua asubuhi kumtazama mume wangu akitoka kuosha gari. Siku ile sikulala. Wivu ulinila mpaka nikahisi joto mgongoni. Ningeweza kuichoma hii nyumba, kaka Ipyana. Maji ni afadhali."

Ipyana alitazama nyuma, akasogea karibu. Alilisema jambo lenyewe kwa sauti ya chini, na hata akilisema alijua ni baya.

"Nikiandika nilichokiona darini bila hili la koti, anayeonekana ni Aliko. Nyumba yake, dai lake, sahihi yake. Meneja hatauliza zaidi. Wewe huna kosa. Kikao hakina neno nawe. Utakuwa huru."

Roda alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza siku ile.

"Huru na nani?"

Ipyana alirudisha kipima unyevu mkobani.

"Ukimwandika Aliko," Roda alisema, "nitakwenda Mbeya hata kwa miguu, niseme ni mimi. Na nitawaambia wewe ulikuwa nani kwetu, kabla hawajakuuliza." Aliweka ndoo chini. "Mwambie ukweli. Kikao kinirudishe. Nitarudi tena hapahapa kwake."

Kulikuwa na njia moja ambayo Ipyana alikuwa anaijua tangu asubuhi, na alikuwa amekataa kuikumbuka. Mteja anaruhusiwa kuliondoa dai lake kabla ripoti haijapelekwa. Akiliondoa, faili linafungwa. Hakuna malipo, hakuna polisi, hakuna uzembe wa mtu ulioandikwa popote. Wateja huelezwa hivyo mwanzoni kabisa, ndiyo taratibu. Yeye hakumweleza Aliko.

Alirudi ndani akamweleza sasa.

"Kwa nini niliondoe?" Aliko aliuliza. "Dari limeanguka, sijalivuta mimi."

"Yunioni ilifunguliwa kwa mkono. Si fundi, na si wewe. Wewe tunduni hupiti."

Macho ya Aliko yalikwenda dirishani, uani, pale Roda alipokuwa amesimama na mgongo wake umewageukia. Ilimchukua muda.

"Kapanda mwenyewe kule juu?"

"Mwenyewe."

"Na anavyoogopa kupanda. Hata taa ananiita mimi nibadilishe." Aliketi kwenye sofa lililolowa, maji yakachuruzika chini yake, hakujali. "Kisa nini?"

"Muulize yeye. Au jiulize chumba chako ulitaka kumpa nani."

Ipyana alisimama akisubiri. Alisubiri ngumi mezani, matusi, simu kwa ndugu. Alivitaka, hata sasa alivitaka. Mlango wa kumrudisha Roda Mbebe ulikuwa wazi, na safari hii hakuufungua yeye kwa uongo. Aliko alijifunika uso kwa viganja vyake vipana akabaki hivyo. Alipovitoa, macho yalikuwa mekundu, na mdomoni palikuwa na tabasamu alilokuwa anapigana nalo asionekane. Ilikuwa sura ya mtu aliyeketi katikati ya hasara kubwa akaambiwa kwamba anapendwa kiasi hicho. Ipyana alikuwa amemwonea wivu siku ya harusi, akamwonea wivu kwa gari, kwa vigae, kwa hita. Hakuwahi kumwonea wivu kama alivyomwonea hapo.

Aliko alichukua simu.

"Fortunata. Lile la chumba, sahau. Tafuta hukohuko Nakonde... Hapana, dari litatengenezwa. Chumba ndicho hakipo." Alikata, akamgeukia mkadiria. "Nipe hapo pa kusaini niliondoe dai langu. Ndugu zangu nitawaambia bomba lilipasuka."

"Utawadanganya."

"Kibona, wewe huna mke," alisema Aliko, bila ubaya wowote, akaweka sahihi.

Roda ndiye aliyemsindikiza mpaka getini, maana mgeni ni mgeni. Jua lilikuwa bado la mchana na upepo ulikuwa unafukuza vumbi barabarani. Ipyana alijifunga zipu ya jaketi, akaifungua, akaifunga tena. Alikuwa na swali ambalo halikuwa la bima.

"Nilipokuwa chuoni Mbeya, walikuletea habari zangu na yule msichana, Tumpe."

"Waliniletea."

"Hukuniuliza. Nilirudi likizo, ukanisalimia kanisani kama siku zote, ukanipa kitabu cha nyimbo. Siku zote najiambia, yule binti aliniamini kuliko mtu yeyote. Nimekaa na hilo, Roda. Ndilo nililobaki nalo."

Roda alishika komeo la geti. Hakuwa na hasira naye tena. Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwambia mgonjwa habari ambayo wengine wamemficha.

"Sikuona wivu, kaka Ipyana," alisema. "Waliniambia jioni, nikala, nikaenda kulala. Nililala vizuri tu."

Alimtakia safari njema, akafunga geti. Ipyana alisikia hatua zake zikirudi ndani upesi, na sauti ya Aliko ikiuliza kitu, na ya Roda ikijibu.